Rangi Isiyo na Pa Kwenda

Afisa mazingira alipoingia uani, Suleiman alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, anachuja rangi kwa kipande cha pazia kuukuu. Hakuinuka. Alidhani ni mteja.

"Karibu. Ngoja nimalizie hii, isije ikaganda," alisema, akaendelea kukamua kitambaa mpaka mikono yake ikawa rangi ya krimu hadi kwenye viwiko.

"Malizia tu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Alikuwa dada mwembamba mwenye kitambulisho shingoni, viatu vyake vyeusi vimegeuka vyekundu kwa vumbi la Msalato. Aliitwa Witness. Alikuja kwa bodaboda kwa sababu gari la ofisi lilikuwa na safari nyingine, na mwenye bodaboda hakuondoka; alizima injini akabaki getini akisikiliza.

Joha, mke wa Suleiman, alitoka jikoni na kigoda, akakifuta kwa ncha ya kanga yake. Witness alisema hatakaa, kisha akakaa. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi na kutukanwa mara nyingi. Kanuni mpya zilikuwa zimeanza kazi. Rangi inayobaki kwenye shughuli za biashara, iwe kwa mkandarasi, hotelini au ofisini, sasa ilihesabiwa taka hatarishi. Mwenye nayo alitakiwa kumkabidhi mkusanyaji mwenye kibali, na mkusanyaji aipeleke kiwandani ikarejelezwe.

"Sasa si ndiyo hiyo tunayoifanya?" Suleiman alionyesha ndoo. "Hii ilikuwa ikatupwe. Mimi naichuja, naichanganya, mtu anapaka nyumba."

"Najua, mzee. Kibali mnacho?"

Suleiman alimtazama mke wake. Kwa miaka mingi, tangu majengo ya serikali yalipoanza kuota mjini kama uyoga, wao wawili walikuwa wakizunguka saiti za ujenzi kununua rangi iliyobaki. Ya maji waliitenga na ya mafuta, zinazokaribiana wakazimimina pamoja, wakapata rangi ambazo hazina jina dukani. Wenye vyumba vya kupangisha Makole walizinunua. Walimu wa shule za huko Gulwe walizipakia kwenye treni. Na kwa kuwa Suleiman alikuwa Mrangi kwa kabila, mzaliwa wa Haubi, watu walimwita Mrangi wa Rangi, naye alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anausikia utani huo.

"Kibali kinapatikanaje?" aliuliza.

Witness akamwambia. Jengo la kuhifadhia lenye sakafu ya zege. Shimo lililojengewa. Tathmini ya mazingira iliyofanywa na mtaalamu wa kulipwa. Joha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama kibanda chao cha mabati na mirunda.

"Na maji ya kuoshea vifaa mnamwaga wapi?" Witness aliuliza.

Suleiman alinyoosha kidole kwenye shimo nyuma ya kibanda. Ardhi pale ilikuwa imefanya gamba la rangi nyingi, gumu kama sahani.

"Na bustani ile pale chini ni ya nani?"

"Ya Debora. Jirani yetu."

Suleiman hakuwahi kulifikiria shimo lile na bustani ile kwa pamoja, na sasa alipovifikiria hakujua aviweke wapi.

Witness alitoa utepe wa njano kwenye mkoba, akazungusha ndoo zote, makopo yote na mapipa mawili ya rangi ya mafuta. "Msiuze, msimwage, msihamishe," alisema. "Mkusanyaji atakuja kuzichukua. Nawapa namba yake."

"Atakuja lini?" Joha aliuliza.

"Mtampigia, mama."

"Na kuna za watu humu ndani. Walishalipa."

"Pole, mama," alisema Witness, na ilionekana kweli amesikitika. Mwenye bodaboda alikuwa ameshawasha injini.

Aliyempigia simu mkusanyaji ni Shamimu, binti yao wa pekee, aliyekuwa akisubiri kuanza chuo cha uuguzi. Yeye ndiye aliyejua kuongea na watu wa ofisi. Aliweka sauti kubwa ili wazazi wasikie, nao walikaa mkekani wakiitazama simu kama watu wanaomtazama mgonjwa.

"Ni sehemu gani hiyo?" iliuliza sauti ya mwanamke kutoka Dar es Salaam.

"Dodoma, dada. Msalato."

"Mna tani ngapi?"

"Hatuna tani. Tuna ndoo."

"Gari haliwezi kuja Dodoma kwa ndoo, mdogo wangu. Tunaanzia tani tano. Na ninyi ni nani? Ni kampuni?"

"Ni familia."

Zikasikika kelele za watu wengine kwenye chumba kile. "Familia haizalishi taka hatarishi," alisema yule mwanamke. "Hapa nikifungua fomu, inanitaka jina la kampuni inayozalisha."

"Mwambie sisi hatuzalishi," Suleiman alinong'ona. "Tunaokota."

Shamimu alisema hivyo hivyo. Mwanamke akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema basi waliozalisha ndio wapige, na akiwapata wengine wa Dodoma mpaka tani zitimie atawakumbuka. Akaiandika namba. Hakupiga tena. Shamimu alipiga kila wiki, na kila wiki alimkuta mtu mwingine, akaanza upya kueleza ni familia gani hiyo inayotoa taka.

Siku zilipita wakiishi na utepe. Kuku walipita chini yake. Joha alianika nguo upande wa pili wa ua ili zisiuguse. Wateja walipokuja, Suleiman aliwapeleka mpaka kwenye kibanda, akawaonyesha rangi waliyolipia, akawaonyesha utepe. Wengine walielewa. Mwalimu mmoja aliyetoka Gulwe alisimama pale kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mzee Suleiman, ungeniambia tu kwamba hela umeila." Jioni hiyo Suleiman hakula.

Mwezi uliofuata shangazi yake Suleiman alifariki huko Haubi. Walikwenda wote watatu kuzika, geti wakamwachia Debora aliangalie. Debora alikuwa Mgogo, mjane, mtu wa maneno machache, na bustani yake ya mchicha ndiyo iliyolisha nusu ya mtaa. Yeye na Joha walikuwa wakipeana chumvi na moto tangu nyumba zao zilipokuwa mbili tu porini.

Waliporudi, Joha ndiye aliyeona kwanza. Alidhani ameingia kwenye ua wa mtu mwingine. Kuanzia kibandani mpaka mlangoni kulikuwa na ndoo, madumu na mapipa, yamerundikwa mengine yakiwa yamelala ubavu. Jina la kampuni lilikuwa limekwanguliwa kwa kisu kwenye kila chombo. Pipa moja lilikuwa limepasuka, na rangi ya kijani imetambaa mpaka kwenye kizingiti cha jiko, ikakauka pale.

Debora alikuja mbio akifuta mikono. "Mmefika. Poleni na msiba. Mzigo wenu uliletwa juzi."

"Mzigo gani, dada?" Joha aliuliza.

"Si huu? Lori la kenta lilikuja mchana kweupe. Walisema mmeagiza. Mimi nikawafungulia geti." Alitazama uso wa Joha, halafu wa Suleiman. "Nikawapa na maji ya kunywa," alisema, sauti ikimshuka.

Witness alipoitwa alikuja, akapiga picha, akazunguka lundo lile mara mbili.

"Namba ya gari mnayo?"

"Debora hakuangalia," alisema Suleiman.

"Kuna aliyewatambua?"

"Anasema walikuwa vijana wa kubeba mizigo tu."

Witness alijishika kiuno. "Mzee, kisheria taka inayokutwa kwenye eneo la mtu…" Hakumaliza. Akatoa utepe wake akaanza kuzungushia, na ulipofika nusu ukaisha. Alisimama na ncha yake mkononi, akiangalia huku na huku. Suleiman akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani, akamsaidia kufungia upande uliobaki. Alifunga vizuri, fundo la kufungia ndama.

Suleiman alijua zimetoka wapi. Ile kijani aliitambua; ni yeye aliyekuwa ameinunua kidogo kidogo kwenye saiti moja kubwa, kwa msimamizi aitwaye Joel, mtu aliyewahi kula futari nyumbani kwake. Akaenda huko. Mlinzi aliyemzoea alimzuia getini, akamwambia siku hizi hawaingizi watu wa rangi. Alisubiri juani. Malori yalitoka na kuingia yakimtimulia vumbi, na kila geti lilipofunguliwa alinyoosha shati.

Joel alitoka mchana, kofia ngumu kichwani, simu sikioni. Aliikata simu alipofika karibu.

"Shikamoo, mzee wangu. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Joel, mmeniletea nini pale kwangu?"

"Tumekuletea nini?"

"Usinifanye mtoto. Kijani ile ni yenu."

"Mzee, ndoo hazina jina." Joel alitazama nyuma, kisha akapunguza sauti. "Hebu nikuulize. Siku zote ulikuwa unanunua kwangu, si ndiyo? Sasa umepata bure, unalalamika nini?"

"Nimefungiwa. Siruhusiwi kuigusa. Peleka kwa huyo mkusanyaji."

"Unajua anatoza kiasi gani? Mimi nimeajiriwa, mzee. Bosi aliniambia anataka saiti safi kabla wakaguzi hawajaja, na kanuni inasema tusitupe. Sisi hatukutupa. Tuliipeleka kwa mtu wa rangi." Akampiga bega taratibu, kama anayefariji. "Kila mtu anajua rangi iliyobaki inakwenda kwako."

Joel alitoa noti mfukoni, akamwambia ni ya soda. Suleiman aliikataa, akatembea hatua chache, kisha akakumbuka kwamba hana nauli ya kurudi Msalato. Akaanza kutembea. Alifika nyumbani jua likiwa linazama na hakusema alikopita.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, baada ya kiangazi kilichowapasua watu midomo. Kila nyumba ilikinga vyombo chini ya mapaa, watoto walitoka uchi wakipiga kelele. Joha na Suleiman walikimbia na turubai. Walilivuta juu ya lundo, wakaweka matofali, upepo ukalibeba pamoja na tofali moja, ukalitupa kwenye miiba. Shamimu alikumbatia ndoo iliyokuwa ikielea, ikamshinda. Mifuniko iliyokuwa imelegea ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Maji yalijaa kwenye ndoo, yakapanda, yakamwagika meupe, kisha ya kijani, kisha ya buluu, yakashika njia ile ile ambayo maji ya uani kwao yalikuwa yameishika siku zote.

Suleiman alichimba mtaro kwa jembe ili ayageuze. Alichimba mpaka mpini ukateleza mikononi kwa rangi. Maji yaliujaza mtaro, yakapita juu yake.

Kulipokucha Debora aliingia na beseni. Hakupiga hodi wala hakupaza sauti. Alilitua mlangoni. Ndani kulikuwa na mchicha, majani yamegandiana, yana ngozi nyeupe juu yake, na mizizi yake ina ngozi hiyo hiyo.

"Na kisima?" Joha aliuliza.

"Kisima ndiyo usiseme."

Suleiman alitoka na pochi yake. "Jirani, sikiliza. Nitakulipa. Hata kidogo kidogo."

"Hela ya nini, Suleiman? Nitamwagilia hela?" Debora alikaa kwenye kizingiti, palepale penye kijani iliyokauka. "Mimi ndiye niliyewafungulia geti. Usiku kucha nimelala macho, natafuta wa kumlaumu, simpati."

Joha alikaa pembeni yake. Wanawake wale wawili walikaa wakiwa wamegusana mabega, beseni likiwa mbele yao, na hakuna aliyeweza kumpa mwenzake chochote.

Jumamosi, kwenye mnada wa kila wiki, hakuna aliyenunua mboga za Debora, hata zile za matuta ya juu ambako maji hayakufika. Habari zilikuwa zimemtangulia. Jumatatu alikuja tena kwa Joha, safari hii akasimama nje ya geti.

"Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa," alisema. "Nimewashtaki. Nisingekwenda ningefanyaje?"

"Hata mimi ningekwenda," alijibu Joha.

Debora alitikisa kichwa, akaondoka. Tangu siku hiyo hawakupeana chumvi tena. Hapakuwa na ugomvi. Kila mmoja alimwonea mwenzake haya.

Askari wawili walikuja na afisa ambaye hawakumjua, mwanamume mnene aliyeziba pua kwa leso. Alisema Suleiman anatuhumiwa kutiririsha taka hatarishi kwenye makazi na vyanzo vya maji. Suleiman hakubisha. Aliomba tu abadili shati.

Joha aliingia kutafuta. Alipekua sanduku, akapekua kamba ya nguo, na kila shati aliloshika lilikuwa na rangi. Kwenye kola, kwenye mkono, mgongoni. Hakutaka mume wake aingie kituoni amevaa ushahidi. Mwisho alipata nguo moja tu iliyo safi, kanzu yake ya Idi. Suleiman akaivaa. Walipopita mtaani, mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alimpungia mkono kwa furaha, akapaza sauti, "Harusi ya nani leo, Mrangi?"

Suleiman alimpungia na yeye.

Aliachiwa kwa dhamana siku ya pili. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa. Sampuli za maji zilitakiwa zipelekwe maabara Dar es Salaam, na hazikuwa zimepelekwa. Ikatajwa tena, ikaahirishwa tena. Mtu aliyejiita wakili alichukua sehemu ya ada ya Shamimu, hakuonekana tena. Chuo kikafunguliwa, Shamimu hakwenda. Alipata kazi ya kuosha vyombo kwa mama lishe mmoja Makole, na aliporudi jioni alimwambia baba yake kwamba ni ya muda tu. Suleiman aliitikia, "Ndiyo mwanangu, ya muda tu," bila kumtazama.

Siku moja Witness alimpigia simu Joha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea kwa haraka.

"Mama, nilitaka usikie kwangu mwenyewe. Nimehamishwa wilaya. Nilikuwa nimeshaandika barua kwamba zile za nyongeza si zenu, ziondolewe kwa gharama ya ofisi."

"Wamejibu nini?"

"Hawajajibu. Jalada nimemwachia mwenzangu."

"Anaitwa nani, mwanangu, tumtafute?"

"Bado hajapangwa, mama."

Joha alimshukuru. Alimwombea safari njema na kazi njema, kwa kuwa hakujua mtu humwambia nini afisa anayeondoka.

Asubuhi ya tarehe nyingine ya kesi, Suleiman alivaa kanzu yake akaenda mahakamani, Shamimu akiwa naye. Joha alibaki peke yake. Alikuwa anachambua mchele uani, mahali padogo palipobaki, aliposikia gari likisimama. Ilikuwa pikapu nyeupe, imepakia ndoo mpaka juu ya mabodi. Alishuka kijana mpole, shati limechomekewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimeelekezwa hapa ndipo wanapopokea rangi zilizobaki."

"Nani kakuelekeza?"

"Kila mtu, mama. Sisi tuna hoteli, tumemaliza ukarabati. Nimeuliza njiani, wakaniambia nifuate barabara ya Kondoa, nikifika Msalato niulizie."

Joha aliweka ungo chini. "Hatupokei. Mume wangu hivi sasa yuko mahakamani kwa sababu ya hizi unazoziona."

Kijana alizitazama. "Pole sana, mama," alisema. Hakurudi kwenye gari. "Lakini bosi kaniambia nisirudi nazo. Nikirudi nazo, kazi sina."

"Zipelekeni kwa mkusanyaji. Kuna namba."

"Tulipiga. Wanataka tani."

Joha alishika geti kwa mikono miwili, akaliegemea.

"Basi rudi nazo tu, mwanangu. Mimi siwezi."

Kijana alikuna kichwa. Alitazama chini, kule korongo linakoanzia, nyuma ya bustani ya Debora. Alitazama muda mrefu kiasi kwamba Joha naye aligeuka akatazama.

"Sitaki kuzimwaga, mama," alisema polepole. "Kweli sitaki. Lakini nitafanyaje nazo?"

Matuta ya Debora yalikuwa yamelimwa upya. Mwenyewe alikuwa ameinama katikati yake, mgongo kwao, akipanda kitu kwa vidole, mbegu moja moja. Kama alilisikia gari, hakugeuka.

Joha alifungua geti.

"Zisimamishe," alisema. "Usizilaze ubavu. Zipange kule kwenye ukuta, kule juu, si huku kwenye mteremko. Na kila mfuniko uugonge."

"Sawa, mama. Mungu akubariki, mama."

"Kwanza inua hiyo kamba. Pita chini yake."

Kijana alishusha ndoo ya kwanza, ikamvuta mkono, akayumba. Joha akamfuata, akashika upande wa pili wa mshikio, wakaibeba pamoja mpaka ukutani. Wakarudi kuchukua nyingine. Zilipobaki chache kwenye gari, Joha alisimama akipumua kwa nguvu, mkono kwenye mgongo.

"Zipo nyingine huko mlikotoka?" aliuliza.

"Za leo ni hizi tu, mama," alisema kijana.